Tumeenda Chole, Mafia, kwa boti ya tanga: maoni ya mtu wa Dodoma

Naanza na jibu ili mwenye haraka aendelee na kazi zake: ndio, nendeni, ila nendeni wakati wa kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini mashariki, Januari au Februari hivi, chagueni siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu na mkondo umelegea, na msiongee na dalali, ongeeni na nahodha mwenyewe. Yaliyobaki huku chini ni maelezo na malalamiko.

Sa kwa msiojua, kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa kazini Mtumba kila mwaka tunatoka, na kila mwaka ni Zanzibar au Bagamoyo, safari hii mmoja wetu akaja na wazo tukodi boti ya tanga, sio zile za abiria za kukimbia, boti ya matanga kabisa yenye vitanda na jiko na choo humohumo, tuondokee Dar tuende kutia nanga kwenye ghuba la Chole kule Mafia, tulale majini. Watu wazima na akili zetu, ambao maji makubwa tuliyozoea ni bwawa la Mtera na Hombolo, tukaitikia wote. Tukachanga.

Dodoma hadi Dar kwa treni ya SGR sina cha kulalamika. Tangu ianze kufika huku kwetu Julai 2024 mambo ya kufika Dar umekunjamana yameisha, ile ya haraka ni masaa matatu na nusu hivi na unashuka bado una nguvu za siku nzima. Tukabeba na zabibu maana Februari ndo mavuno yanaanza, kreti mbili, mtu mmoja alitaka tubebe na mvinyo wa nyumbani tukamwambia tunakoenda ni kwa Waislamu watupu, beba zabibu tu ndugu yangu, na kweli zabibu zilitufungulia milango mingi kuliko hela.

Sasa tumalizane na dalali kwanza. Jina lake silitaji na wala la ofisi yake. Huyu bwana alitupigia bei kwa dola, sisi Watanzania, mishahara yetu ya shilingi, tukabishana mpaka akashuka. Alafu akatuambia maneno mawili ambayo yote sio kweli. La kwanza, "masaa matano mmefika." Jamani, kutoka Msasani uzunguke Ras Mkumbi kule ncha ya kaskazini ya Mafia ushuke upande wa mashariki mpaka mlango wa Chole, ile njia kati ya miamba ya kuingilia ghubani, ni maili za baharini tisini hivi, na boti ya tanga ya ukubwa ule ikienda vizuri inatembea maili tano au sita kwa saa, pigeni hesabu wenyewe. Ni usiku mzima. La pili akasema mkitia nanga tu pale Chole mnaogelea na papa potwe. Papa potwe wapo Mafia kweli, na msimu wao ni kuanzia Oktoba mpaka Machi, ila wanaonekana upande wa magharibi, maji ya Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, Chole ni upande mwingine kabisa wa kisiwa! Kuna watu kwenye kundi letu walichanga kwa sababu ya yule samaki tu. Waliishia kukodi bajaji kutoka Utende, kijiji kinachotazamana na Chole, kwenda Kilindoni, ni kilomita kumi na kitu na barabara ni ya lami, wakapanda boti ya wenyeji, wakamuona, wakarudi wanacheka wenyewe. Lakini ile hela ya ziada hakuna aliyewarudishia.

Nahodha ni habari nyingine. Mzee wa makamo, mtu wa visiwa vilevile, baharia zake wawili vijana. Tumefika asubuhi tumebeba mabegi, tunataka kuondoka, yeye anakunywa kahawa. Mwenzetu mmoja akaanza kuwaka, mzee muda wetu unapotea tumelipia siku nzima. Akamwangalia akamwambia, "Mwanangu, tukiondoka sa hizi tutafika mlangoni usiku wa manane, na mlango ule mimi siuingii usiku. Tutaondoka saa kumi." Basi, akaendelea na kahawa yake. Mi hapohapo nikasema huyu ndo nimemlipia.

Maana ukimsikiliza anakuelewesha kila kitu na mahesabu yake. Ukiondoka saa kumi jioni unafika saa mbili saa tatu asubuhi, na mlango wa Kinasi, ndo huohuo wa kuingilia Chole, unaingilia kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi linakuwa mgongoni kwako, linamulika maji mbele, unaona mwamba uko wapi na kina kiko wapi kwa rangi tu. Ukiingia jioni jua liko usoni, maji yote yanang'aa, huoni kitu. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni maji yenyewe. Pwani yetu hii siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanajaa saa kumi hivi na yanakupwa saa nne, na tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Maji yote hayo ya ghuba zima yanataka kupita kwenye kile kimlango kwa wakati mmoja, mkondo wake sio wa kuchezea, boti ya tanga unaweza kuwa unasukuma mbele na unarudi nyuma. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, mkondo umelegea, na maji yanajaa saa nne saa tano asubuhi, yaani unaingia maji yanapanda polepole na ukigusa mchanga kwa bahati mbaya yatakunyanyua. Sasa dalali angejua haya? Yeye alitaka kutupeleka wiki ya mwezi mpevu eti picha zitatoka vizuri.

Usiku wa safari. Kaskazi ulikuwa unavuma wa kutosha, unatupiga ubavu wa kushoto kwa sababu tunaelekea kusini mashariki, na boti ikishika upepo hivo inalala upande na haiamki, inalala hivohivo masaa yote kama daladala ya Chamwino iliyopakia upande mmoja. Kupika kwenye ile hali ni kipaji. Yule kijana baharia alitupikia wali wa nazi na changu wa kukaanga huku amejiegemeza ukutani na kiuno, na hakumwaga hata mchuzi. Shida ikawa nani wa kuula. Nusu ya kundi walikuwa wameinama pembeni wanarudisha walichokula kwenye treni. Shemeji yangu ndo alizidiwa, kajikunja chini kule vitandani na simu mkononi, nahodha akamuita, "Shemeji, panda juu. Tazama kule mbali maji yanapokutana na mbingu, hiyo simu iweke." Akapanda, akapewa kipande cha tangawizi atafune, baada ya lisaa akaanza kuuliza wali umebaki? Kwa hiyo ushauri wangu, dawa za kichefuchefu mezeni kabla hamjapanda sio mkishaanza kutapika, na msijifungie chini.

Mwezi ulikuwa nusu ukazama usiku wa manane, baada ya hapo ni giza na nyota tu. Kwetu nako tuna nyota, nendeni Kondoa huko au Mpwapwa vijijini mtaziona, ila hizi za baharini zinaanzia miguuni. Nahodha muda wote yuko kwenye usukani anakunywa chai ya mdalasini, ana GPS na redio yupo chaneli 16, ile ya dharura baharini, lakini kila mara anageuza shavu kusikiliza upepo. Alfajiri tukauona mwanga wa mnara wa Ras Mkumbi, baada ya kuuzunguka upepo ukawa wa nyuma, mawimbi ya bahari kuu yanatusukuma, kidogo boti ikasimama wima watu wakafufuka. Wale mabaharia wa mtaani mnaojisifia Area C hapa Dodoma kila Ijumaa, hapa ndo mahali pa kuthibitisha.

Mlangoni tuliingia kwa injini, tanga zimeshushwa, baharia mmoja kasimama mbele omo kabisa ananyoosha mkono kulia, kushoto, hapana mzee kushoto tena. Hakuna aliyeongea. Pembeni unaona mawimbi yanavunjika kwenye mwamba, na katikati njia ya bluu iliyokolea imenyooka. Ukishavuka, ghafla bahari inanyamaza. Ghuba zima limekingwa, kisiwa cha Juani huku, Chole pale katikati, Utende mbele yako, mashua za tanga moja zinapita na watu wamebeba ndizi na baiskeli.

Kutia nanga nilidhani ni kutupa chuma tu. Kwanza hii ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya bahari ya kwanza nchini tangu 1995, kilomita za mraba 822, kwa hiyo huruhusiwi kudondosha nanga juu ya matumbawe, unatafuta mchanga. Nahodha alizunguka mara kadhaa anapima kina, akachagua sehemu kati ya Utende na Chole, nanga ikashuka, akatoa mnyororo mrefu mpaka tukashangaa. Akasema unahesabu kina cha maji yakijaa sio cha sasa hivi, alafu unatoa mnyororo mara tano ya hapo. Kisha akarudisha injini nyuma taratibu mpaka nanga ikajizika, kijana akazama na miwani kuiangalia, akaibuka akasema imekula. Tukaanza kunywa chai. Hapo ndo naitoa maksi zote, sijawahi kuona fundi yeyote, wa gari wala wa nyumba, anakagua kazi yake hivo.

Na usiku ndo unaelewa kwa nini. Maji yakigeuka boti nzima inageuka, ulilala kichwa kinaangalia Chole unaamka unaangalia Utende. Mzee anaamka kila maji yanapogeuka, anaangalia taa mbili za nchi kavu alizoziwekea alama, akiridhika anarudi kulala. Ghuba lenyewe usiku limetulia, kamtikiso kidogo tu maji yakijaa sana maana mawimbi kidogo yanapita juu ya mwamba. Upepo unapita vizuri, mbu hawapo kule katikati. Mtandao wa simu pale unashika vizuri tu. Umeme wa kuchajia ni wa sola, mkichaji watu wengi unaisha.

Sasa mabaya ya boti. Maji ya kuoga ni ya kupimiwa, mtu wa Dodoma hilo halimshangazi, tumekua na madumu. Choo ni cha kupampu kwa mkono na kina masharti mengi, karatasi haitupwi ndani, na mtu mmoja akikosea wote mnajua. Friji ilikuwa imekufa na dalali alijua. Lakini la kuniudhi ni kile kijiboti cha mpira cha kutushushia ufukweni, injini yake ilizima katikati tukaanza kuvutwa na maji kuelekea kule mlangoni tulikoingilia, ikabidi mashua ya mvuvi itutupie kamba. Maboya ya kuvaa yalikuwepo ya kila mtu na tuliyavaa, hilo nalisema kwa haki. Lakini injini ya kushushia watu inatakiwa iwe imejaribiwa kabla sio mkiwa mkondoni.

Kushuka Utende kuna jambo moja, hakuna gati la kutembelea kwa raha kwa boti kama ile, unashukia majini. Maji yakiwa yamejaa unaruka karibu na mchanga. Yakikupwa unatembea mbali kwenye tope na majani ya bahari, viatu mkononi, mizigo kichwani. Akina mama waliovaa vizuri wajue hilo mapema. Vaeni viatu vya mpira vya kuloana. Ada ya hifadhi inalipwa, Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, bebeni vitambulisho. Benki ziko Kilindoni sio Utende.

Chole yenyewe ni kisiwa kidogo, magari hakuna, unakizunguka kwa miguu. Kilichonikalisha chini ni habari ya magofu. Hapa ndo palikuwa makao makuu ya Mafia enzi za Waarabu wa Oman na baadaye Wajerumani, kuna majengo yao yamebaki kuta tu, mizizi ya mitini imezikumbatia mpaka huelewi ukuta unaishia wapi mti unaanzia wapi. Mwaka 1913 Wajerumani wakahamishia makao Kilindoni kwa sababu meli za moshi zilihitaji kina na hapa maji ni haba. Yaani mji ulikufa kwa sababu ya kina cha maji! Mzee mmoja wa kisiwani alipotuuliza mmetoka wapi tukasema Dodoma, akacheka sana, "Kumbe ninyi ndo mnaohamiwa, sisi ndo waliotuhama." Tulimpa zabibu, akamuita mjukuu wake azionje, yule mtoto akatuamkia shikamoo mmoja mmoja kwenye mstari mzima kabla hajagusa tunda.

Popo wa Chole nao ni wa kuwaona, sio hawa wadogo wa darini, ni popo wakubwa wa matunda, mchana wananing'inia juu ya miti wanapigizana kelele na jioni wanaondoka kundi zima. Ukikaa kwenye boti jioni unawaona wanapita juu ya mlingoti. Na pale ufukweni kuna mafundi wa mashua, mashine ya umeme sikuiona, ni shoka, tezo, keekee na misumari, wanachonga mbao kwa macho bila mchoro. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakaniacha. Fundi akaniuliza kwenu mnajenga mashua za aina gani, nikamwambia kwetu tunajenga ofisi.

Kua, ule mji wa magofu kisiwani Juani, boti yetu haikuweza kusogea, tulipanda mashua ya wenyeji maji yakiwa yamejaa asubuhi, maana bila hivo huingii. Misikiti, makaburi, jumba la ghorofa lililobomoka, mibuyu. Mji uliharibiwa na Wasakalava waliovuka kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Msipeleke watoto wadogo mchana, ni joto na nyasi ni ndefu, na kaeni na mwenyeji anayejua habari zake, bila yeye ni mawe tu. Muda wa kukaa ni mfupi, mwenye mashua akisema tuondoke, ondokeni, maji hayamsubiri mpiga picha.

Kurudi. Hapa ndo pa kupanga vizuri. Kaskazi uliotupeleka ndo huohuo unakuja usoni ukirudi, mkondo wa pwani unaoenda kaskazini unasaidia kiasi lakini bado boti inabidi ibishe, huku kidogo na kule kidogo, safari inarefuka na kutapika kunarudi. Wengi wetu tulimuaga nahodha Utende, tukaenda Kilindoni tukapanda kivuko MV Kilindoni mpaka Nyamisati huku bara, alafu basi hadi Mbagala, kesho yake treni. Wawili waliobaki na boti walifika Dar wameiva na jua, wanasema wangejua wangepanda kivuko na sisi, ila nao kila siku ofisini wanahadithia wao tu. Kama mnapanga, mwambieni nahodha kabisa kwamba mnalipia kwenda na kukaa, kurudi mnajitegemea, bei inapungua.

Bei sisemi maana inategemea mko wangapi na msimu, ila mkiwa watu sita mpaka wanane kila mmoja anachanga bei ambayo angelipa hoteli za ufukweni Zanzibar za kawaida, chakula ndani. Mkiwa wawili ni kujiumiza. Miezi ya Aprili na Mei mvua na upepo unageuka, sahauni. Kuanzia Juni kusi, upepo wa kutoka kusini, unavuma, kwenda kusini na boti ya tanga wakati huo ni kupigana na upepo na mkondo kwa pamoja, mzee mwenyewe alisema wakati ule yeye anapaka rangi boti yake.

Maksi zangu. Nahodha na baharia zake tano kwa tano. Sehemu ya kutia nanga tano, ningeweza kulala pale mwezi. Kushuka nchi kavu tatu. Boti yenyewe tatu na nusu, ile nusu ni ya wali wa nazi. Kijiboti cha mpira moja. Dalali sifuri, na hiyo sifuri yenyewe namkopesha.